Kuponi mbili kwa bidhaa moja katika maduka ya CVS
Ndugu mnaoishi Marekani, mnaponunua mahitaji katika maduka ya dawa ya CVS, kumbukeni kwamba kuponi ya mtengenezaji na kuponi ya duka huweza kutumika pamoja kwa bidhaa ileile, hivyo dawa ya meno ya dola 4, ikipunguzwa dola 1 kwa kila kuponi, mtailipia dola 2 tu kabla ya kodi. Zawadi ya ExtraBucks, yaani fedha za punguzo ambazo CVS humpa mteja atumie katika ununuzi ujao dukani humo, inayochapishwa kwenye risiti ina tarehe ya mwisho. Mimi huikata palepale na kuiweka pochini mbele ya noti, kwa sababu tarehe ikishapita haina thamani tena. Aidha, hailipii dawa za cheti cha daktari, kwa hiyo itumieni kwa nepi, sabuni au shampuu.