Kuku amenyonyoka na baridi ndio hii: usikimbilie mahindi

Kama uko huku Molo, Njoro ama Mau Narok unajua vile Juni mpaka Agosti huwa, asubuhi ukiongea mdomo unatoa moshi, na ndio unafungua banda unapata manyoya yamejaa chini na kuku wako mzuri amebaki shingo tupu, amejikunyata kwa kona na mayai amekata. Watu wengi hapo wanamuuza kwa bei ya kutupa. Tafadhali usimuuze bado.

Angalia kwanza amenyonyoka vipi. Anayebadilisha manyoya huanza kichwani na shingoni, inashuka mgongoni na kifuani, mabawa na mkia zinafuata, na bado anakula na macho ni maangavu. Kama ni kiraka kwa mgongo ama karibu na mkundu, fungua manyoya utafute chawa na utitiri, ama wenzake wanamdonoa. Akiwa amelala, anahara kijani ama anakoroma, hiyo si manyoya, ita daktari wa mifugo haraka.

Kule Ulaya kuku hunyonyoka mchana ukianza kuwa mfupi kabla ya winta. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana ni ule ule, kwa hivyo mara nyingi kwetu ni umri, kama mwaka mmoja na nusu hivi, ama alikosa chakula au maji, ama ametoka kuatamia. Inaweza kuchukua wiki 8 hadi 12.

Sasa chakula, na hapa ndio tunakosea sana, hata mimi nilikosea. Niliona baridi nikasema wacha niwashibishe mahindi wapate joto, wakashiba kweli, lakini wiki zikaenda na shingo ni ile ile tupu. Unyoya karibu wote ni protini, asilimia 85 na zaidi, na mahindi yana kama asilimia 8 tu, hiyo ingine nyingi ni wanga. Layas mashi, kile chakula cha dukani cha kuku wa mayai, nayo iko kama asilimia 16 ya protini, ni sawa kwa anayetaga lakini huyu anashona nguo mpya mwili mzima.

Mimi kwa kuku 10 naweka kama kilo moja na robo ya layas mashi kwa siku, halafu gramu 100 za omena (dagaa) iliyosagwa, hiyo inapandisha protini mpaka karibu asilimia 19. Omena inunue kavu, isiyo na chumvi, na uipepete kwa sababu mchanga huwa mwingi na unalipia. Ukikosa omena tumia mashudu ya alizeti ama soya iliyokaangwa, soya mbichi usipee kuku. Kumbikumbi wakitoka waachie wale.

Mahindi usiyatupe, yana kazi yake. Jioni wakikaribia kulala warushie kiganja kimoja kwa kila kuku 3 ama 4, tumbo likisaga usiku mwili unapata joto. Yenye ukungu hapana, hata kidogo, sumu yake haionekani. Na asubuhi wape maji ya uvuguvugu, maji baridi sana wanakunywa kidogo na asiyekunywa hali.

Banda liwe kavu, maranda mengi chini, ziba upepo upande wa chini wanapolala lakini juu wacha hewa ipite. Jiko la makaa ndani ya banda lililofungwa linaua kuku na linaweza kukuua wewe.

Pia usimshikeshike. Vile vinyoya vichanga vinatoka kama ncha za sindano, vina damu ndani, ukibonyeza anaumwa na ukikivunja wenzake wanaona damu wanaanza kumdonoa. Ukitaka kujua kama chakula kinafanya kazi mshike usiku polepole, papasa kidari: mfupa usiwe mkali kama kisu. Shingoni utaona zile ncha zimeanza kupasuka na unyoya mpya unang'aa unachungulia, na kilemba kikirudi chekundu jua mayai yako njiani, sasa punguza omena pole pole na umuwekee chokaa ya kuku kwa chombo chake pembeni.