Kaunti ikitaka kujenga upya mtaa wenu, anzeni na orodha yenu wenyewe

Mimi ni katibu wa kamati ya wapangaji katika mtaa mmoja wa nyumba kongwe za kaunti, hapa kisiwani Mombasa. Babangu alikabidhiwa funguo enzi za manispaa, mwaka 1971, nami nimezaliwa na kulelewa humu humu. Mwaka 2015 kaunti ilipotangaza mpango wa kubomoa mitaa yake mikongwe, kina Khadija, Mzizima, Tudor na Changamwe, zisimamishwe ghorofa za bei nafuu, maneno hayo yaliingia barazani kwetu na hadi leo hayajatoka. Mtaa wa Buxton ndio uliotangulia. Nyumba za zamani zimekwenda, ghorofa zimesimama, na kila apitaye barabara ile huziona.

Sipingi ujenzi. Paa letu linavuja, choo kimoja tunakitumia nyumba nne, na mvua ya masika ikinyesha maji machafu hurudi uani. Ninachotaka ni kwamba aliyevumilia haya miaka 40 awe miongoni mwa watakaopanda ngazi mpya. Ndugu zetu wa mitaa mingine wamekuwa wakija kuniuliza tulianzaje, kwa hiyo nimeamua kuyaandika.

Orodha kabla ya mkutano

Watu wakisikia habari ya kubomolewa hukimbilia mambo mawili, wakili au mwanasiasa. Vyote vina wakati wake. Sisi tulianza na kaunta buku la mistari, kurasa 200.

Sababu ni hii. Katika kila mpango utasikia ahadi kwamba wapangaji wa sasa watapewa kipaumbele. Ni ahadi njema, lakini uzito wake wote umo katika swali moja: mpangaji wa sasa ni nani? Jibu litatoka kwenye orodha, na mkiwa hamna yenu mtaletewa iliyoandikwa na mtu asiyejua kwamba nyumba ya 14 imegawanywa kwa pazia na inalaza jamaa mbili.

Pigeni mistari. Namba ya mlango. Jina lililo kwenye kadi ya kodi. Jina kama lilivyo kwenye kitambulisho. Nani analala ndani, na watoto wangapi. Mwaka wa kuingia. Malimbikizo ya kodi, kama yapo. Mgonjwa, mlemavu, au mzee asiyeweza ngazi. Biashara inayofanyika pale pale nyumbani. Nendeni wawili wawili, mmoja awe mwanamke, baada ya alasiri watu wakiwa wamerudi. Na msikubali kuambiwa tu. Ombeni kuonyeshwa.

Bibi mmoja wa nyumba ya mwisho, karibu na kisima, alituambia hana karatasi hata moja. Tukakaa naye mkekani, tukanywa kahawa ya tangawizi, tukaandika alichotueleza. Tulipokwisha kuaga ndipo alipotuita. Akafunua debe la mchele, akapenyeza mkono mpaka chini, akatoa mfuko wa nailoni uliofungwa mafundo mawili. Ndani mlikuwa na kadi ya kodi iliyolika pembeni, mihuri ya rangi ya zambarau imejipanga mwezi kwa mwezi, mingine imefifia hata haisomeki. Jina lilikuwa la mumewe, ambaye tulimzika mwaka 2003. Miaka yote hiyo bibi alikuwa akilipa kodi bila kukosa, kwa jina la marehemu, na hakuna kati yetu jirani zake aliyewahi kumwambia abadilishe.

Milango kama huo wake tulipata 23, kati ya 96. Dawa yake ni kazi ya miguu: cheti cha kifo, barua ya chifu inayosema mwenye kuishi humo ni nani, hati ya kiapo iliyogongwa muhuri na kamishna wa viapo, kisha barua kwa ofisi ya nyumba ya kaunti kuomba jina libadilishwe. Peleka nakala mbili, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo. Karatasi isiyo na muhuri wa kupokelewa ni kama haikufika. Fanyeni haya mapema, maana cheti cha kifo kilichopotea huchukua wiki kadhaa kupatikana, na ilani ya kuhama haisubiri.

Kosa letu tulilifanya kwenye majina. Orodha ya kwanza niliiandika mimi kwa kusikia. Mwanaisha nikamwandika Mwanaesha, Mohamed mmoja nikamwandika Muhammad. Tulipolinganisha na vitambulisho, majina 11 hayakuoana, na jamaa moja ya watu saba nilikuwa nimeiruka kabisa kwa kuwa siku ile walikuwa Kilifi msibani. Niliwaomba radhi, tukaanza upya. Tangu hapo kila jina tunalinakili kutoka kwenye kitambulisho, kikiwa mezani, na mwenyewe anasoma na kutia sahihi au kidole gumba.

Jambo lililotugawa zaidi ni la wapangaji wa ndani, yaani wale waliokodishwa chumba na mwenye kadi. Wenye kadi wengine hawakutaka waandikwe kabisa, wakihofia mgao wao utapungua. Tulibishana mpaka saa sita za usiku. Mimi nasema waandikwe. Wao ndio hulipa kodi kubwa kuliko sote, na hawana karatasi ya kuwasemea. Tulikubaliana orodha iwe na sehemu mbili, ya wenye kadi na ya wakazi wa ndani, kila sehemu na madai yake. Mkiwaficha, watakwenda kujiandikisha kwingine, na mtafika mezani mkiwa makundi mawili yanayopigana. Hapo hakuna atakayewasikiliza.

Malimbikizo nayo msiyafumbie macho. Ombeni taarifa ya akaunti ya kodi ya kila nyumba, na mwenye deni aandikiane na ofisi namna ya kulipa kidogo kidogo.

Jueni mnachokalia

Mitaa hii iko pale mji unapobana. Kwa mguu unafika sokoni, bandarini, hospitali, shule. Ardhi ya kisiwani haiongezeki, na hapo ndipo penye kiini cha biashara nzima. Kwa kawaida kaunti huleta ardhi, mwekezaji huleta pesa na kujenga, kisha nyumba huuzwa ili pesa irudi na faida ipatikane. Ghorofa za bei nafuu huwezekana kwa sababu ardhi haikununuliwa. Kwa hiyo mkikaa mezani msikae kama watu wanaoomba msaada.

Fanyeni sachi ya kiwanja kwenye ofisi ya ardhi mjue kimesajiliwa kwa jina la nani. Ibara ya 62 ya Katiba inasema ardhi ya umma ya aina hii hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wakazi wa kaunti. Ibara ya 43 inatupa kila mmoja haki ya makao ya kutosha yenye usafi unaofaa. Na msidhani kwamba mpangaji hana lake mahakamani. Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliamua kesi ya wapangaji wa Muthurwa, Nairobi, waliokuwa wametakiwa kuhama mwaka 2010, na ikaona haki zao zimevunjwa. Naitaja kesi hii kila mkutano, hasa kwa vijana wanaosema nyumba si yetu hivyo hatuna la kusema.

Ombeni mpango kwa maandishi

Msijadili picha. Picha huwa ni nzuri, na miti na bwawa la kuogelea. Ombeni mkataba kati ya kaunti na mwekezaji, michoro, idadi ya nyumba kwa ukubwa wake, na ripoti ya athari za mazingira iliyopelekwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 zinakupa haki hiyo, na afisa anatakiwa akujibu ndani ya siku 21. Barua yenyewe si lazima iwe ya kisheria. Yetu ilikuwa ya ukurasa mmoja: sisi ni nani, tunaomba hati zipi, kwa sheria ipi, tujibiwe kwa anwani gani. Siku zikipita, mlalamikie Tume ya Haki ya Utawala, ile wengi wanaiita Ombudsman.

Mkisomewa idadi ya nyumba, ulizeni ngapi zimetengwa kwa wapangaji wa zamani, na zimeandikwa kwenye kifungu gani. Kama jibu ni kwamba hilo litaangaliwa baadaye, liandikeni hivyo hivyo kwenye kumbukumbu, mkisoma kwa sauti.

Kisha fanyeni hesabu ya bei hadharani, kwa chaki ikibidi. Mimi nililipa kodi ya shilingi 3,000 kwa mwezi. Tuseme nyumba ya vyumba viwili inauzwa shilingi milioni 3, na amana ni asilimia 10. Amana peke yake ni shilingi 300,000, sawa na kodi yangu ya miezi 100. Inayobaki, milioni 2.7, nikilipa kwa miaka 20 bila riba yoyote, ni shilingi 11,250 kila mwezi. Ongeza ada ya lifti, mlinzi, taka na pampu ya maji. Nilipoyaandika haya ubaoni, baraza lote lilinyamaza. Neno nafuu halina maana mpaka uulize nafuu kwa nani. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 yenyewe imetenga viwango: wanaopata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi wako kwenye nyumba za jamii, na nyumba za bei nafuu ni za wanaopata kati ya 20,000 na 149,000. Jamaa nyingi za mtaa wetu ziko kwenye kundi la kwanza. Kwa hiyo dai letu halikuwa kupunguziwa bei tu. Tulidai ziwepo nyumba za kupanga kwa kodi inayolipika, na kwa watakaonunua, kodi yao ihesabiwe kama malipo ya nyumba, bila amana.

Yasemeni pia yale ambayo mchoraji ramani hawezi kuyajua. Jirani yangu huamka saa tisa za usiku kukanda mahamri, na jiko lake la makaa liko uani. Akipewa ghorofa ya nane atapika wapi? Kijana wa viazi karai yuko kwenye ile kona kwa sababu ndipo watu hushukia matatu. Tulidai vibanda vya chini vitolewe kwanza kwa waliokuwa wakifanya biashara mtaani, kwa majina, na wazee wapewe sakafu za chini. Haya ni mambo madogo kwenye mkataba wa mamilioni, na ni rahisi kuyapata mkiyadai kabla michoro haijapitishwa.

Pesa za kuhamia, na tarehe ya kurudi

Pangani, Nairobi, wapangaji 48 wa nyumba za kaunti walipewa shilingi 600,000 kila mmoja wahame kupisha ujenzi. Buxton walipewa shilingi 240,000. Zigawanye kwa miezi 24: 25,000 kwa mwezi kule, 10,000 huku. Kabla ya kukubali kiasi chochote, tumeni vijana watatu wazunguke mtaa wa karibu na shule za watoto waulize kodi za vyumba, waandike. Tulipofanya hivyo tuliona chumba na sebule chenye maji kinaanzia wapi, na tukaacha kubishana kwa hisia.

Kinachotisha zaidi ya kiasi ni muda. Pesa za miezi 24 huisha mwezi wa 24, nyumba iwe imekwisha au haijakwisha, na ghorofa mara nyingi hupita tarehe yake. Kwa hiyo kifungu tunachokishikilia kuliko vyote ni hiki: kodi iendelee kulipwa kila mwezi mpaka siku ya kukabidhiwa funguo. Cha pili, kila mpangaji apewe barua yake mwenyewe, yenye jina lake, namba ya mlango wake wa zamani, ukubwa wa nyumba atakayopewa na bei au kodi yake, imetiwa sahihi na kaunti na mwekezaji. Ahadi ya jumla kwa mtaa mzima haimsaidii mtu mmoja mlangoni.

Kwenye kikao cha maoni ya umma, msiende kila mtu na lake. Chagueni wasemaji wanne, kila mmoja hoja moja, na madai yote yawe yameandikwa na kupelekwa kwa karani wa bunge la kaunti, nakala igongwe muhuri. Mwakilishi wa wadi aalikwe mapema aje aone vyoo kwa macho yake. Tieni sahihi mahudhurio yenu wenyewe kwenye karatasi yenu, kando ya ile ya waandalizi, na juu yake muandike kwamba kuhudhuria si kukubali.

Mtaa wetu bado umesimama na mazungumzo yanaendelea. Tumekwisha kukubaliana kwamba tukihama tutakutana kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, popote tutakapokuwa tumetawanyika, orodha isomwe mlango kwa mlango na kila anayeitwa aitike au aitikiwe na jamaa yake. Kaunta buku lina nakala tatu. Moja iko kwangu, moja kwa imamu, moja kwa mzee wa kanisa, na kila ukurasa umepigwa picha kwenye simu tano tofauti. Bibi wa nyumba ya mwisho ni namba 96. Barua yake ya kubadilisha jina ilirudi Machi, nayo ameitia kwenye mfuko ule ule wa nailoni.