Maji ya Uzazi Yakipungua: Namna ya Kuamua Kuanzishiwa Uchungu au Kungoja

Mwanamke mwenye mimba ya wiki 38 anatoka kwenye chumba cha skani, kisiwani Mombasa, akiwa na karatasi ambayo mstari wake mmoja, wa kipimo cha maji ya uzazi, umezungushiwa kalamu: AFI 4.6. Kabla ya magharibi huwa amekwisha kuambiwa mambo matatu. Sista wa kliniki amemtaka alazwe siku hiyo hiyo aanzishiwe uchungu. Mama mkwe amemwambia kwamba maji hupungua kila mimba inapokaribia mwisho, na kwamba yeye alizaa watoto sita bila kupimwa maji hata mara moja. Na jirani ameleta madafu mawili. Wote watatu wana sehemu yao ya ukweli, lakini hakuna aliyeuliza namba ile ilipatikana vipi, na hapo ndipo uamuzi unapopaswa kuanzia.

Maji ya uzazi si maji ya mtungi yaliyotuama. Katika nusu ya pili ya mimba sehemu yake kubwa ni mkojo wa mtoto mwenyewe, ambaye huyameza, akayakojoa, akayameza tena, mchana na usiku. Hufikia wingi wake wa juu, takriban mililita 800, karibu na wiki ya 34, kisha hupwa polepole hadi siku ya kuzaa, na kwa hilo mama mkwe hakukosea. Linalotutia wasiwasi ni yanapopungua kuliko inavyotarajiwa. Kondo la nyuma linapochoka, mwili wa mtoto hupeleka damu kwanza kwenye ubongo na moyo, figo zikabaki na kidogo, na mkojo ukapungua. Hapo maji machache huwa ni habari iliyotoka kwa kondo. Isitoshe, uchungu ukianza, kamba ya kitovu isiyo na maji ya kutosha ya kuelea huweza kubanwa kila tumbo linapokaza, na mapigo ya moyo wa mtoto yakashuka.

Sasa namba. AFI hupatikana kwa kuligawa tumbo sehemu nne, kupima kina cha mfuko mrefu zaidi wa maji katika kila sehemu, na kujumlisha. Jumla ya sentimita 5 au chini yake huitwa maji machache. Kipimo cha pili, ambacho kwenye karatasi huandikwa DVP, hutazama mfuko mmoja tu, ule wenye kina kuliko yote, na maji huhesabiwa kuwa machache ukiwa chini ya sentimita 2. Tafiti zilizolinganisha vipimo hivi zimeonyesha kwamba AFI huwapachika wanawake wengi zaidi jina la maji machache na kuwafanya wengi zaidi waanzishiwe uchungu, bila watoto wao kutoka wakiwa na hali bora. Ndiyo maana swali la kwanza ni hili: «Daktari, mfuko mrefu zaidi una sentimita ngapi?» Mwenye AFI ya 4.6 na mfuko wa sentimita 3 hayuko katika hali moja na mwenye AFI hiyo hiyo na mfuko wa 1.5. Kama DVP haikuandikwa, si utovu wa adabu kuomba ipimwe.

Swali la pili ni la wiki. Hapa kwetu wengi hufanya skani ya kwanza mwezi wa saba au wa nane, na skani ya wakati huo huweza kukosea umri wa mimba kwa wiki tatu hivi. Lete kitabu cha kliniki, tarehe ya hedhi ya mwisho, na skani yoyote ya miezi mitatu ya kwanza ikiwapo, kwani hiyo ndiyo ya kutegemewa. Umri ukiwa na shaka, mtoto anayeonekana mdogo huenda ni mchanga tu kuliko ilivyodhaniwa, au ni mtoto ambaye kweli hakui. Na tofauti hiyo hubadilisha kila kitu.

Kisha tafuta sababu, na ianze na leso yako. Chupa ya uzazi huweza kutoboka na kuvuja kidogo kidogo bila kupasuka kwa kishindo, na wanawake wengi huyadhani maji hayo kuwa mkojo. Vaa pedi safi, lala nusu saa, kisha simama. Ukihisi maji yakishuka, na hayana harufu ya mkojo, rudi hospitali ukaguliwe, kwa sababu chupa iliyotoboka huleta hatari ya maambukizi na uamuzi wake ni mwingine. Taja pia kila dawa uliyomeza. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo mtu huzinunua dukani kwa ajili ya maumivu ya mgongo bila kuulizwa lolote, huweza kupunguza mkojo wa mtoto, na mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya zisitumiwe kuanzia wiki ya 20 isipokuwa kwa ushauri wa daktari. Baadhi ya dawa za presha, kama vile enalaprili, hudhuru vivyo hivyo.

Madafu nayo? Kunywa maji kwa wingi, kiasi cha lita 2, kumeonekana kuongeza maji ya uzazi kwa wanawake ambao hawana tatizo jingine, na katika joto la kaskazi wengi wetu hushinda na kiu bila kujua. Kwa hiyo pale mtoto anapocheza vizuri na presha ni ya kawaida, ni haki kuomba unywe kisha upimwe upya. Dafu halina siri ambayo maji ya kawaida hayana, na wala halitibu kondo lililochoka. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo, au presha ya mimba, asijipimie mwenyewe.

Baada ya hayo tazama mambo yanayoambatana na maji. Mtoto anakua? Presha ni chini ya 140/90? Mapigo ya moyo wa mtoto yamepimwa kwa mashine kwa dakika 20 au zaidi? Damu inapita vizuri kwenye kamba ya kitovu? Likikosekana jibu zuri hata katika moja, mizani huelemea upande wa kuzaa. Na mtoto akipunguza kucheza, usisubiri miadi: lala kwa ubavu wa kushoto uhesabu, na usipopata michezo kumi ndani ya saa mbili nenda hospitali saa hiyo. Vivyo hivyo ukitokwa na damu, homa, maji ya kijani, au kichwa kikali chenye macho kuona kiwi.

Kwa maoni yangu, baada ya kuyapima haya, njia huwa wazi kuliko hofu inavyoonyesha. Mfuko ukiwa chini ya sentimita 2 na mimba imefika wiki ya 37 au imepita, kuanzishiwa uchungu ni uamuzi wa busara hata kama hakuna kasoro nyingine. Madaktari wa uzazi wa Marekani hushauri kuzalisha kati ya wiki 36 na wiki 37 na siku 6, au mara tu inapogunduliwa baadaye. Mfuko ukiwa 2 au zaidi, na mengine yote ni salama, kungoja kwa uangalizi kunafaa, ingawa si kupita wiki ya 41. Kabla ya wiki ya 36 kisa ni kirefu, na mahali pake ni kwa bingwa.

Ukikubali kuanzishiwa, uliza hali ya mlango wa kizazi. Wakunga hufundishana kwamba mlango ambao haujaiva ni mgumu kama ncha ya pua, na ulioiva ni laini kama midomo. Ukiwa bado mgumu, hasa kwa mimba ya kwanza, kazi huweza kuchukua siku moja hadi mbili, na familia inayodhani mtoto atazaliwa kabla ya adhuhuri huanza kushinikiza upasuaji bure. Huwekwa mpira mdogo unaojazwa maji ndani ya mlango, au hutolewa misoprostoli, mikrogramu 25 tu kila baada ya saa mbili kwa mdomo. Kidonge cha kawaida kina mikrogramu 200, yaani dozi nane; ndiyo sababu huyeyushwa katika mililita 200 za maji na mgonjwa akapewa mililita 25, na ndiyo sababu hakimezwi nyumbani kwa hali yoyote, wala mafuta ya nyonyo hayachukui nafasi yake. Aliyewahi kuzaa kwa upasuaji hapewi misoprostoli kabisa, kwa kuwa kovu huweza kupasuka. Alitaje kovu hilo kwa kila zamu mpya.

Hospitali iwe na chumba cha upasuaji kinachofanya kazi usiku, damu, na mtu wa kusikiliza moyo wa mtoto mara kwa mara. Usajili wa SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, ukamilishwe kabla, si mlangoni pa wodi.

Na ukichagua kungoja, usiondoke na neno «rudi baadaye». Ondoka na tarehe iliyoandikwa kitabuni, ya skani na ya kupima moyo wa mtoto, mara mbili kwa wiki. Ukiwa unaishi Likoni au Mtongwe, zungumza na watu wa nyumbani mapema kuhusu usiku: nani ana gari, feri ikichelewa mtafanya nini, au kama kuna ndugu upande wa kisiwani wa kukulaza hadi siku ya kuzaa.