Kubuni Mradi wa Usimulizi wa Kidijitali katika Gazeti la Mkoa: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Gazeti la mkoa lina mali mbili ambazo gazeti la kitaifa haliwezi kuzipata kwa fedha wala kwa haraka: kumbukumbu za miaka mingi za eneo moja, na wasomaji wanaozijua kwa miguu yao barabara zinazotajwa katika habari. Mradi wa kidijitali, yaani habari inayosimuliwa mtandaoni kwa maandishi, ramani, picha na sauti pamoja, hudumu ukijengwa juu ya mali hizo, lakini ule unaojengwa juu ya mbwembwe za skrini husahaulika upesi. Mwongozo huu unakilenga chumba kidogo cha habari, chenye mwandishi mmoja au wawili, mpiga picha, mhariri na mtu mmoja anayeimudu tovuti. Mfano nitakaoutumia ni wa mradi kuhusu bonde linalofurika mara kwa mara wakati wa mvua.

Mnamo Desemba 2012 gazeti la The New York Times lilichapisha "Snow Fall", simulizi la maporomoko ya theluji katika jimbo la Washington lililounganisha maandishi, video na michoro inayotembea, na vyumba vingi vya habari vikaiga sura yake bila kuwa na kikosi kikubwa kilichoitengeneza. Mfano unaotufaa zaidi ni wa The Post and Courier la Charleston, South Carolina, gazeti la eneo ambalo mwaka 2014 lilichapisha mfululizo kuhusu ukatili wa majumbani unaowaua wanawake, na mwaka 2015 likapata Tuzo ya Pulitzer ya huduma kwa umma. Waandishi wake walikusanya wenyewe rekodi za vifo vya muongo mzima, na rekodi hizo ndizo zilizoubeba mradi.

Hatua ya kwanza: Andika swali moja

"Mafuriko katika bonde" ni mada, na mada haina mwisho. Swali ni hili: "Kwa nini vitongoji vilevile huzama kila mara, ilhali majirani wao hubaki pakavu?" Liandike juu ya ukurasa wa kwanza wa mpango na usiruhusu kipande chochote kiingie katika mradi kama hakisaidii kulijibu.

Baada ya hapo jiulize kama kuna sehemu ya jibu ambayo maandishi na picha moja haviwezi kuibeba: umbo la mahali, mabadiliko ya muda mrefu, sauti ya mtu, au takwimu ambazo msomaji atataka kuzitafuta kwa jina la kitongoji chake. Ikiwa hakuna, andika makala nzuri ya kawaida, kwa sababu habari iliyokamilika kwa maandishi hupungua inapolazimishwa kuwa kitu kingine.

Hatua ya pili: Orodhesha malighafi kabla ya kufikiria sura

Fungua jedwali lenye safu tano: kipande chenyewe, kilikotoka, tarehe yake, mwenye hakimiliki, na jina la mwenzako aliyekihakiki. Ingiza humo kila kitu, kuanzia mahojiano yaliyorekodiwa hadi taarifa za idara za serikali. Hatua hii huonekana ya kiofisi, lakini ndiyo ninayoithamini kuliko zote, kwa kuwa ndiyo inayoonesha kama mradi upo kweli au ni wazo tu.

Anzia kwenye hifadhi ya gazeti lenu. Tafuteni kila habari ya mafuriko mliyowahi kuchapisha, mwandike tarehe, mahali palipotajwa na madhara yaliyoripotiwa, kisha mlinganishe na rekodi za mvua na za kina cha mto. Picha za zamani zisomwe mbele na nyuma, maana mara nyingi mpiga picha aliandika mahali na tarehe mgongoni mwa picha. Picha isiyo na tarehe ya uhakika isitumiwe kuthibitisha mabadiliko, hata ikiwa ni nzuri kiasi gani.

Kisha angalieni kutoka juu. Picha za setelaiti za Landsat zinaanzia mwaka 1972, na tangu 2008 hutolewa bila malipo, kwa hiyo mnaweza kuona namna makazi yalivyosogelea kingo za mto katika miongo kadhaa. Setelaiti za Sentinel-2 za mpango wa Copernicus wa Umoja wa Ulaya hutoa picha ambazo kila nukta yake ni mita 10 kwa 10, kiasi kinachotosha kuonesha shamba lililozama ingawa hakitoshi kuonesha nyumba moja. Wakati wa mafuriko wingu huficha ardhi, na hapo ndipo Sentinel-1 inapofaa, kwa kuwa hutumia rada inayopenya mawingu. Maji yaliyotulia huonekana meusi katika picha ya rada, lakini uso wowote laini, kwa mfano barabara pana ya lami, unaweza kuonekana hivyo hivyo. Kwa sababu hiyo lazima mtu aliyekuwa bondeni siku hiyo aitazame ramani kabla ya kuchapishwa. Faida ya gazeti la mkoa iko hapo, kwani mtu huyo mnamfahamu na mnaweza kumfikia.

Hatua ya tatu: Kipe kila kipande umbo linalokistahili

Ramani ijibu "wapi", na isitumiwe pale ambapo mahali hapabadilishi maana ya habari. Mfuatano wa matukio kwenye mstari wa wakati unafaa pale ambapo tukio moja lilizaa jingine. Watengenezaji wa TimelineJS, zana ya kujengea mstari wa wakati, ambao ni maabara ya Knight Lab ya Chuo Kikuu cha Northwestern, hupendekeza usizidi kurasa 20, na mimi hupenda uwe mfupi zaidi. Picha mbili za mahali pamoja zinazofunikana, ambazo msomaji huvuta mpaka kati yake kwa kidole, zina nguvu sana, mradi zimepigwa kutoka pembe inayokaribiana na katika msimu unaofanana. Bonde la kiangazi likilinganishwa na bonde la masika, msomaji anadanganywa.

Takwimu zinahitaji uangalifu wa pekee. Ukipaka rangi kwenye ramani kwa kufuata idadi ya kaya zilizoathirika, kata yenye watu wengi itaonekana daima kuwa ndiyo iliyoumia, hata kama ni sehemu ndogo tu ya watu wake walioguswa. Tumia uwiano, yaani kaya zilizoathirika kwa kila kaya 100 au 1,000, na uiweke idadi kamili kwenye jedwali lililo chini ya ramani.

Sauti husahaulika. Maneno ya mkazi anayeeleza maji yalivyoingia usiku, yakisikika kwa sauti yake kwa nusu dakika, hufanya kazi ambayo video ndefu huishindwa, na faili lake ni jepesi zaidi kwa mbali.

Hatua ya nne: Chora ukurasa kwa mkono, kwa upana wa simu

Kata vipande vya karatasi vyenye umbo la skrini ya simu na uvipange wima mezani. Kila kipande kibebe jambo moja: aya, ramani, picha au sauti. Mhariri asome kuanzia juu hadi chini na aeleze kwa maneno yake alichokielewa. Akikwama mahali fulani, ondoa au hamisha kipande hapo hapo, kwani kukihamisha mezani ni rahisi kuliko kukihamisha kwenye msimbo. Jibu la swali, au sehemu yake kubwa, lionekane katika vipande vitatu vya mwanzo. Msomaji aliyeathirika na maji hapaswi kusubiri hadi mwisho ili ajue kilichoharibu nyumba yake.

Hatua ya tano: Jenga kwa zana zilizopo

Datawrapper na Flourish hutengeneza chati na ramani, StoryMapJS husimulia safari kutoka mahali hadi mahali, JuxtaposeJS hulinganisha picha mbili, na QGIS, programu huria, huandaa ramani za msingi pamoja na data za OpenStreetMap, ramani huria ya dunia. Chagueni chache, mzizoee, na mradi unaofuata utakuwa mwepesi. Sioni sababu ya chumba kidogo cha habari kuandika msimbo mpya kwa kila mradi.

Hatua ya sita: Walinde watu waliowaamini

Mtu aliyekubali jina lake litoke kwenye karatasi hajakubali moja kwa moja kwamba nukta ya nyumba yake iwekwe kwenye ramani inayoonekana dunia nzima kwa miaka mingi. Mweleze kwa lugha yake ni nini kitakachoonekana, wapi na kwa muda gani, kisha umwoneshe ukurasa ukiwa tayari. Sogeza nukta hadi katikati ya kitongoji pale ambapo usahihi wa nyumba hausaidii kujibu swali. Futa pia taarifa za mahali zinazojificha ndani ya faili za picha za simu. Katika eneo dogo, umri, kazi na jina la mtaa vikiwekwa pamoja vinatosha kumtambulisha mtu ambaye jina lake limefichwa, hivyo uhakiki wa jambo hili ufanywe na mwenzako anayeishi eneo hilo.

Hatua ya saba: Jaribu kwenye simu dhaifu

Fungua ukurasa kwa simu ya bei ya chini, kwa data ya simu na si kwa mtandao wa ofisini. Google hupendekeza kipande kikubwa zaidi cha ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5. Ukizidi hapo, anza kwa kupunguza uzito wa picha na kuzuia video isijichezeshe yenyewe. Maandishi yawe na uwiano wa mwangaza usiopungua 4.5 kwa 1 dhidi ya rangi ya nyuma, kama miongozo ya WCAG, ya kuzifanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, inavyotaka kwa herufi za kawaida. Kila picha iwe na maelezo kwa wasioona, na kila sauti iwe na maandishi yake. Halafu mkabidhi simu msomaji asiyefanya kazi ya habari, ukae kimya, na uangalie kidole chake kinaposita.

Hatua ya nane: Chapisha karatasi na tovuti kwa pamoja

Toleo la karatasi libebe simulizi kamili, pamoja na msimbo wa QR unaompeleka msomaji kwenye sehemu ambayo karatasi haiwezi kuionesha, kama vile ramani ya kutafuta kitongoji. Weka pia njia ya wasomaji kutuma picha zao za zamani na masahihisho, na mtaje mhariri mmoja atakayeyapokea na kuyajibu.

Hatua ya tisa: Hifadhi mradi tangu siku ya kuchapishwa

Kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia Flash, programu yake ya kuonesha michoro na video ndani ya vivinjari, tarehe 31 Desemba 2020, na miradi mingi ya magazeti iliyotegemea teknolojia hiyo haikufunguka tena kwenye vivinjari vya kawaida. Zana za leo nazo zinaweza kufungwa au kubadilisha masharti. Pakueni data zote katika faili za CSV, yaani majedwali ya maandishi matupu, hifadhini kila chati na ramani pia kama picha isiyotembea, wekeni maandishi kamili katika ukurasa wa kawaida wa tovuti yenu, na mtume anwani ya ukurasa kwenye Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za tovuti ya Internet Archive. Jedwali la hatua ya pili liwekwe katika kabrasha hilo hilo, pamoja na tarehe ambayo mhariri aliyetajwa ataufungua tena ukurasa, akague kama kila kipande bado kinafanya kazi, na aongeze taarifa za msimu wa mvua uliopita.