Kuweka Ramani ya Kontua ya Bure kwenye GPS ya Mkononi
Pakua ramani ya OpenStreetMap (ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea) iliyoandaliwa kwa ajili ya vifaa vya GPS vya Garmin, yenye mistari ya kontua, yaani inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, kisha weka faili lake, gmapsupp.img, ndani ya folda iitwayo Garmin kwenye kadi ya kumbukumbu. Washa kifaa, uchague ramani hiyo na uzime ile ya awali, isije ikaifunika.

Ninalosisitiza zaidi ni datamu, yaani mfumo wa msingi ambao namba za mahali kwenye ramani hupimwa kutokana nao. Ramani za karatasi za zamani za Kenya na Tanzania zilichorwa kwa datamu ya Arc 1960, ilhali GPS kwa kawaida hutumia datamu nyingine, WGS 84. Usipobadili mpangilio wa datamu kwenye kifaa kabla ya kulinganisha namba zake za mahali na za ramani ya karatasi, utajiona takriban mita 300 mbali na ulipo, umbali unaotosha, kwenye ukingo wa Mlima Meru, kukutoa njiani hadi gengeni.