SOMO: Maji ya kahawa yasiishie mtoni

Somo hili ni kwa wenye mashine ya kumenya kahawa, iwe ya AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa mazao) au ya kikundi. Ule utelezi unaobaki kwenye punje una sukari nyingi. Ukifika mtoni, vijidudu vinaula na kumaliza oksijeni ya majini, samaki wanakufa, na walio bondeni wanateka maji yanayonuka. Wengi huanza kwa kuchimba shimo. Mimi nasema anzeni kwenye bomba, maana shimo halitoshi kama maji hayana kipimo.

Hatua ya 1: Pimeni. Mashine za kizamani zinaweza kunywa lita 15 au zaidi kwa kila kilo ya kahawa mbivu. Andikeni lita na kilo za kila siku kwenye daftari moja.

Hatua ya 2: Zungusheni maji. Maji ya kumenyea yachujwe kwa wavu, yaingie tangini, pampu iyarudishe juu. Jioni yatolewe yote. Yakilala yanachacha, na kahawa ya kesho itabeba harufu hiyo hadi kwa muonjaji. Suuza ya mwisho ni maji safi, hapo msibane.

Hatua ya 3: Maganda yatoke makavu. Hapa ndipo penye faida, na ndipo panapopuuzwa. Maganda ni karibu asilimia 40 ya uzito wa kahawa mbivu. Mkiyasukuma kwa maji, sukari yake nyingi inaingia majini. Yabebeni kwa toroli. Yapangeni kwa tabaka pamoja na samadi na majani makavu, mfunike kwa majani ya mgomba, mpindue kila baada ya wiki mbili. Baada ya miezi mitatu au minne mna mboji yenye potasiamu nyingi, na mbuni unaipenda.

Hatua ya 4: Sasa shimo. Moja la kutuliza tope, linalofuata la kutilia chokaa. Maji yaliyochacha hushuka hadi pH 4 hivi (pH ni kipimo cha ukali wa uchachu; ikiwa ndogo, ukali ni mkubwa); tieni chokaa kidogo kidogo mkipima kwa karatasi ya pH mpaka yafike 6 au 7. Chokaa inaua ukali tu, sukari inabaki, kwa hiyo bado hayafai kumwagwa mtoni. Yapelekeni kwenye mitaro iliyopandwa vetiva, yaani nyasi zenye mizizi mirefu. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka mtoni.

MASWALI

*Mwanachama, Mbozi:* Mwalimu, tukiyamwagia migomba?
Yakishatulia na kutiwa chokaa, sawa, ila msirudie mahali pamoja kila siku. Mabichi hapana.

*Mwanachama, Rombo:* Chokaa imepanda bei. Majivu je?
Yanasaidia, dada, ila nguvu yake ni ndogo na hailingani kila ndoo. Karatasi ya kupimia ndiyo iamue.

*Mwanachama, Mbinga:* Baba yangu humwaga maganda mabichi shinani na kahawa haijafa.
Shikamoo yake. Machache yaliyotawanywa hayaui. Lundo bichi shinani linachemka, linavuta nzi na kuchoma mizizi ya juu.

*Mwanachama, Mbozi:* Pampu na tangi ni gharama. Wanachama watakubali kukatwa?
Waonyeshe daftari la Hatua ya 1 kwenye mkutano kabla hujataja bei. Na kama mnauza kwa cheti cha Rainforest Alliance, shirika linalothibitisha kilimo kinachotunza mazingira, mkaguzi ataulizia maji haya.