Shoti ya B-52 nyumbani: matabaka matatu yasiyoingiliana

Kinachofanya pombe moja ikae chini na nyingine ielee juu yake ni sukari na kilevi. Pombe yenye sukari nyingi ni nzito, huzama. Yenye kilevi kikali na sukari kidogo ni nyepesi, huelea. Ukishajua hilo, kilichobaki ni subira ya mkono. Ukipanga kinyume, hata mhudumu aliyezeekea kaunta atakuletea glasi ya uji.

B-52 ina pombe tamu tatu: Kahlúa ya kahawa kutoka Meksiko chini, Baileys ya maziwa na wiski kutoka Ayalandi katikati, na Grand Marnier ya chungwa na konyaki kutoka Ufaransa juu. Kila moja mililita 15. Tafuta glasi ya shoti ya mililita 60, nyembamba na iliyonyooka, ili juu ibaki nafasi ya kidole. Ile ya mililita 45 itajaa hadi ukingoni na itamwagika kabla haijafika mezani.

Kama huna kipimo cha baa, nenda duka la dawa ununue bomba la sindano la mililita 20, bila sindano yenyewe. Linapima sawasawa kuliko toti nyingi za mtaani, na baadaye litakufaa kwa kazi nyingine. Zaidi ya hapo unahitaji kijiko cha chai na kitambaa safi, basi.

Sasa uzito. Mililita 100 za maji zina gramu 100. Kiasi hichohicho cha Kahlúa kina karibu gramu 115, Baileys karibu 105, na Grand Marnier pungufu ya Baileys kwa gramu moja au mbili tu. Tazama pengo hilo la mwisho. Tabaka la pili hukaa kirahisi, watu wakajipongeza, kisha la tatu likawaharibia kila kitu.

Dawa yake ni friji. Kinywaji baridi ni kizito kuliko chenye joto. Weka Kahlúa na Baileys kwenye friji saa mbili, lakini Grand Marnier iache kabatini. Tofauti ya nyuzi 20 hivi hukuongezea karibu gramu moja kwenye pengo, na hapa gramu moja ni mali. Kosa linaloonekana sana ni kugandisha chupa zote tatu, au kubaridisha ile ya juu peke yake. Baileys itikise kabla ya kuiweka kwenye friji, si wakati wa kumimina, la sivyo povu litakuchafulia mstari.

Mimina Kahlúa katikati ya glasi kavu bila kugusa kuta. Michirizi ya kahawia ukutani haifutiki tena. Inamisha glasi kidogo. Geuza kijiko mgongo juu, ncha yake iguse ukuta wa glasi juu kidogo tu ya Kahlúa, kisha tiririsha Baileys kwenye mgongo wa kijiko. Mwanzo ndio mgumu: matone ya kwanza yafike mojamoja. Utaona ulimi mweupe ukizama kidogo ndani ya kahawia, ukisita, halafu ukipanda na kutandaa kama utando wa maziwa. Ukishatandaa, ongeza mwendo hadi unene wa uzi wa kushonea. Kadiri kinywaji kinavyopanda, pandisha kijiko nacho. Kikizama ndani, kikitoka kitavuruga.

Futa kijiko, simamisha glasi polepole, kisha ingia tabaka la tatu kwa mwendo wa nusu ya ule wa kwanza. Usimimine kutoka kwenye chupa; chupa iliyojaa hububujika. Hapa ndipo bomba la sindano linapokuwa bora kuliko kijiko: gusisha mdomo wake kwenye ukuta wa glasi na ubonyeze taratibu, Grand Marnier ishuke ukutani yenyewe.

Ikichanganyika, usisubiri ijitenge. Haya si mafuta na maji. Pombe hizi huyeyukiana, na hata matabaka yaliyokaa vizuri hufifia kadiri muda unavyokwenda. Ndiyo maana hupangwa dakika chache kabla ya kupeleka mezani, si mchana kwa ajili ya usiku. Iliyoharibika mimina kwenye barafu unywe. Ladha ni ileile.

Amarula huziba nafasi ya Baileys vizuri. Ina kilevi asilimia 17 kama mwenzake, na ladha yake ya tunda la mng'ongo inapatana na kahawa. Waafrika Kusini huimimina juu ya pombe ya kijani ya mnanaa, crème de menthe, wakapata Springbokkie, rangi za jezi ya timu yao ya raga. Ni tabaka mbili tu, kwa hiyo ni zoezi zuri la kuanzia.

Kahlúa ikikosekana, tengeneza yako. Yeyusha gramu 100 za sukari kwenye mililita 100 za kahawa nzito ya moto iliyochujwa, iache ipoe kabisa, kisha tia mililita 50 za Konyagi. Ina uzito wa kutosha kukaa chini, ila kilevi chake ni kidogo, kwa hiyo ihifadhi kwenye friji na uimalize ndani ya siku chache. Ya juu nayo inawezekana: loweka ganda la chungwa moja, sehemu ya rangi tu bila nyeupe yenye uchungu, kwenye mililita 100 za Konyagi kwa siku mbili, uchuje, utie kijiko kimoja cha chakula cha sukari. Viwili vinakaribia kuifanya nzito sawa na Baileys. Na usitie maji ya chungwa, wala ndimu: asidi hugandisha maziwa yaliyomo kwenye Baileys na Amarula, ukabaki na mabonge.

Baa nyingi huiwasha moto. Kwa nyumbani hatuipendekezi: mwali wake ni wa buluu hafifu, kwenye mwanga hauonekani, na ukingo wa glasi hubaki moto hata baada ya kuzimwa. Anayeng'ang'ania asiongeze kamwe pombe kutoka kwenye chupa wakati glasi inawaka, maana moto hufuata mchirizi hadi ndani ya chupa. Azime kwa kufunika na kisahani, asubiri glasi ipoe, ndipo anywe.

Shoti moja ina kilevi cha karibu nusu chupa ya bia ya mililita 500, ila utamu wake huficha. Mgeni atakayeendesha gari usiku huo mpe kahawa iliyobaki.